Hawana Kitu, Lakini Wana Furaha? Acheni Hizo!

Kuna sentensi moja nimeichoka, tena nimeichoka vibaya. Naisikia kila rafiki anaporudi Nairobi kutoka Marsabit, pua imebabuka kwa jua, simu imejaa picha. Unamuuliza safari ilikuwaje. Anavuta pumzi, anaangalia mbali kama mtu aliyetoka kuongea na malaika, halafu anakwambia: "Wale watu hawana kitu, lakini wana furaha."

Hawana kitu. Lakini wana furaha. Jamani!

Safari yenyewe wengi wenu mnaijua, au mmeshatumiwa tangazo lake kwenye WhatsApp. Mnaondoka Nairobi alfajiri, mnakula lami kupita Isiolo mpaka Marsabit mjini, kiasi cha kilomita 550. Kutoka hapo mnateremka kwenye vumbi na mawe kuelekea Maikona na Kalacha, pembeni mwa jangwa la Chalbi. Mnakabidhiwa ngamia na vijana wa kuwaongoza. Mnatembea siku mbili tatu, mnalala nje, mnapiga picha machweo. Kisha unafika usiku wa mwisho, ambao ndio unaouza safari nzima: mnalala kwa familia. Familia ya Kigabra. Nyumba ya kweli, maziwa ya kweli, watoto wa kweli.

Naomba nieleweke kabla hamjaanza kunirushia mawe. Sisemi watu wasiende Chalbi. Nimekwenda, na nikipata nauli nitakwenda tena. Anga la kule usiku lina nyota ambazo sisi wa Umoja na Rongai tulishasahau kwamba zipo. Ninachogombana nacho ni ile sentensi, pamoja na biashara iliyokaa juu yake. Kwa sababu hiyo sentensi si upuuzi mtupu, wandugu. Ina kazi, na kazi yake ni kushusha bei. Ukishaamua kwamba mtu hana kitu, basi huwezi kuwa umechukua kitu chake. Na chochote utakachomwachia ni sadaka.

Tuanze na hilo la kutokuwa na kitu.

Ile nyumba uliyolala, uliyoiita kibanda, ni ya mwanamke. Sisemi kwa maana ya kwamba yeye ndiye anayeifagia. Ni yake. Kwa Wagabra, kama ilivyo kwa jirani zao Warendile, nyumba huja na bibi arusi. Mama yake na wanawake wa ukoo hutayarisha miti ya kupinda, mikeka ya nyuzi za mkonge wa porini, ngozi na vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa mkono vikasukika mpaka havivuji. Mwanamke huyo ndiye anayeisimamisha na ndiye anayeibomoa. Siku ya kuhama anaikunja nyumba nzima asubuhi moja na kuipakia mgongoni mwa ngamia. Ile miti iliyopinda, iliyokuwa paa jana usiku, leo inageuka kuwa kiti juu ya ngamia, na ndani yake anawekwa mtoto mchanga, bibi kizee na mwanambuzi aliyezaliwa juzi. Jioni wanapofika, paa linarudi kuwa paa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sasa wewe uliyelipa fundi mara tatu arekebishe mlango wa kabati, niambie nani hapo hana kitu.

Halafu kuna ngamia wenyewe. Sensa ya 2009 ilihesabu karibu ngamia milioni 3 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya milioni 4. Ngamia jike mzima anaweza kufika shilingi laki moja na zaidi sokoni. Familia yenye ngamia 15 ina mali ambayo mimi, mwandishi mwenye digrii na kitambulisho cha kazi cha plastiki, sijawahi kuikaribia. Mimi nina deni la Fuliza na simu ninayoilipia kidogo kidogo. Lakini hakuna Mgabra aliyewahi kusimama mlangoni pangu, akatikisa kichwa kwa huruma na kusema ninayo furaha.

Na ngamia si benki ya kuwekea tu. Mkamuaji anasimama kwa mguu mmoja, chombo amekiweka juu ya paja la mguu mwingine, na mara nyingi mwenzake anakamua upande wa pili wakati uleule. Ndama anaachiwa anyonye kwanza, maana bila yeye mama hashushi maziwa, na yakishuka hayakai. Dakika moja, mbili, yamekwisha. Chuchu ni nne. Desturi ni kumwachia ndama sehemu yake, mara nyingi chuchu mbili, na binadamu kuchukua zilizobaki. Kiangazi kikikaza, anachokosa ndama leo utakiona baada ya miaka. Ngamia hubeba mimba miezi 13, huzaa kila baada ya miaka miwili au zaidi, na jike huanza kuzaa akiwa na miaka kama mitano. Kwa hiyo ile bilauri ya maziwa uliyopewa, uliyoonja kidogo ukakunja uso kwa sababu ya harufu ya moshi, ukairudisha huku ukicheka... ilitoka mahali. Kuna aliyekunywa pungufu.

(Ule moshi si uchafu, kwa taarifa yako. Vyombo vinafukizwa kwa makusudi ili maziwa yasiharibike. Ndiyo friji yao.)

Nipite haraka kwenye jambo moja la kuchekesha. Kwenye matangazo haya yote mtalii amepanda ngamia, kichwani amefunga kilemba kirefu kama mtu wa Sahara. Wandugu, watu wa kaskazini ya Kenya kwa desturi hawapandi ngamia! Wagabra, Warendile na hata Wasomali humfuga kwa maziwa, nyama na mizigo. Anayepanda ni mtoto, mzee asiyejiweza na mgonjwa. Mtu mzima mwenye miguu miwili anatembea mbele akishika kamba. Kwa hiyo unapoinuliwa juu ya ngamia ukiwa na miaka 27 na raba mpya, wale watoto wanaokukimbilia wakicheka, nawe ukawapiga picha ukaandika chini yake "furaha ya kweli", wanacheka kwa sababu umekaa pale anapowekwa bibi yao. Kwi kwi kwi!

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiko ninakotaka kufika.

Mwaka jana niliungana na kundi la watu saba. Kila mmoja alilipa shilingi 38,000. Zidisheni wenyewe. Ndani yake kulikuwa na gari, dereva, mafuta, chakula, kiongozi wa safari kutoka Nairobi, ngamia sita na vijana watatu wa kuwaongoza. Sina ugomvi na mafuta, barabara ile inakula gari kweli kweli. Nilifanya kazi yangu ya uandishi, nikauliza bei ya kila kitu, kwa utani na kwa uchokozi. Ngamia mmoja: shilingi 1,500 kwa siku. Kila mtu pale alikuwa anaijua bei hiyo, hata mtoto. Kijana wa kuongoza: 1,000. Dereva alinitajia ya kwake kwa kunong'ona.

Nikauliza, na nyumba? Ule usiku mmoja ambao kwenye tangazo uliandikwa kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote? Mama mwenye nyumba analipwa ngapi?

Hapo kila mtu akawa na maneno mengi na tarakimu hakuna. Eti yule mama hapokei malipo, ni utamaduni. Eti kuna "zawadi". Zawadi yenyewe niliiona ikishushwa: sukari kilo mbili, majani ya chai, tumbaku ya wazee na leso moja. Eti kuna kitu walipewa wazee. Eti mpango ulifanywa na chifu. Mwisho wa maelezo yote, ngamia alikuwa na bei na mama hakuwa na bei.

Nikamuuliza mwenyewe asubuhi, binti yake wa kidato cha tatu akitutafsiria kutoka Kiborana. Aliniamkia kwa amani, nami nikaitikia kwa amani, maana kule salamu ni kuulizana amani na haina haraka: amani ya watu, ya mifugo, ya watoto, ya njia. Nikamuuliza kama alijua sisi tumelipa kiasi gani. Hakujua kama tumelipa. Aliambiwa tu kwamba wageni watakuja, wako saba, wanatoka Nairobi, awapishe ndani. Yeye na watoto wake walilala kwa dada yake. Usiku uliotangulia alikuwa ameongeza mitungi miwili ya maji ya lita 20 kwa ajili yetu. Na yule ngamia wa mizigo ambaye kwa kawaida angeyabeba kutoka kisimani alikuwa safarini na sisi, amebeba mahema yetu, friji ya plastiki na viti vya kukunja. Basi yeye na binti yake wakaenda na punda wa kuazima.

Aliyasema haya bila kulalamika. Kisha akaniuliza Nairobi imenyesha?

Nitakaa kidogo kwenye swali hilo kwa sababu lina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Jangwani mgeni si mzigo wa hisani. Mgeni ni habari. Anayetoka upande wa North Horr anaulizwa majani yakoje, kisima gani kimekauka, mvua imeonekana wapi, njia ina usalama? Anapewa maziwa, naye anatoa alichokiona. Familia inaamua kuhama au kukaa, kuelekea vilima vya Huri au kungoja, kwa kutegemea maneno ya mgeni wa jana. Kabla sijazaliwa, kabla ya gazeti ninaloliandikia halijawa hata wazo, watu hawa walikuwa na shirika la habari linalofanya kazi kila jioni, na ada yake ni bilauri ya maziwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kule msemo huo hauna mzaha hata chembe.

Sasa sisi saba tulileta habari gani? Mmoja wetu alitaka kujua kama kuna mtandao.

Ndiyo maana napandwa na hasira nikiambiwa, na nimeambiwa na watu waliosoma vizuri kabisa, kwamba ukimlipa yule mama utaharibu ukarimu wake. Hivi mnaujua ukarimu huo unavyofanya kazi? Wagabra na Warendile hukopeshana ngamia majike. Unanipa jike wako, namkamua, nalisha wanangu, naye akizaa, uzao wa kike unaendelea kuwa wako ingawa uko zizini kwangu. Ukame ukikupiga upande wako, una mifugo upande wangu. Huo ndio ukarimu: bima, hesabu ndefu ya miaka mingi ambayo kila mzee anaikariri kichwani bila daftari. Anayekulaza leo Kalacha atalazwa kesho Maikona. Mkono mtupu haulambwi, na ule wa kupokea hutakiwa kurudi siku moja ukiwa umejaa.

Wewe utamlaza lini?

Siulizi kwa kejeli. Yule mama akishuka Nairobi kumpeleka mtoto hospitali, akatokea kwenye geti la nyumba zenu za ghorofa pale Kilimani na shuka zake na binti yake mkononi, nani atampisha chumba? Mlinzi atamwomba kitambulisho. Na hicho kitambulisho chenyewe, kwa vijana wengi wa kaskazini, kilikuwa kinapatikana baada ya kukalishwa mbele ya kamati na kuhojiwa kama kweli ni Wakenya, utaratibu ambao Rais alitangaza kuuondoa Februari 2025 tu. Sisi tulifika kwake bila kuulizwa hata jina la pili.

Kwa hiyo mtu asiniambie kuhusu kuharibu utamaduni. Ukarimu wa upande mmoja umeshaharibika tayari. Waswahili walishayamaliza haya: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe ni kamba ya kisimani. Kama huwezi kuishika kamba, na sisi hatuwezi, nilijaribu mikono ikachubuka, basi toa fedha. Fedha si tusi. Yule mama ananunua unga, analipa karo, anaweka salio kwenye simu kama mimi na wewe. Wanaodhani fedha itamchafua ni wale wanaomtaka abaki picha.

Na msidhani sentensi yetu ni mpya. Ina babu na mababu.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kufunga wilaya za pembezoni, na kaskazini ikafungwa: hakuna kuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaongeza sheria nyingine ya kudhibiti wafugaji, nani akae wapi na apite wapi. Eneo lilionekana halina kitu ila jua na mpaka wa kulinda. Uhuru ulikuja, na mwaka 1965 serikali yetu wenyewe, kwenye ule waraka maarufu Namba 10, ikasema fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, ambako zitazaa haraka. Tafsiri yake kule Marsabit: subirini. Wamesubiri lami ya kutoka Isiolo mpaka miaka ya 2010. Mpaka leo utasikia mzee akimwuliza anayetoka Nairobi, habari za Kenya? Watu wanadhani ni utani.

Kaunti hii ina karibu kilomita za mraba 70,000. Rwanda ingeingia mara mbili na nafasi ikabaki. Ukiitazama kwa macho ya mtu wa mjini, hasa toka dirishani mwa gari, ni tupu. Na kitu kitupu ni halali ya anayetangulia. Ndivyo walivyoona pia waliojenga mitambo ya upepo karibu na Loiyangalani: mitambo 365, megawati 310, umeme unaosafirishwa kwa waya zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa na kuingia kwenye gridi kutuwashia sisi taa, huku ukipita juu ya maboma yanayomulikwa kwa tochi. Sipingi upepo. Ni umeme safi, na nchi inauhitaji. Lakini Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo, ekari 150,000, zilitolewa bila kufuata sheria. Kesi ilikuwa imefunguliwa 2014. Miaka saba ya wafugaji kueleza mahakamani kwamba pale mahali palikuwa na wenyewe.

Mtasema nimetoka kwenye leso na sukari nikafika kwenye megawati, huyu naye! Naam, nimefika, kwa sababu ni jicho lilelile. Anayeona ardhi tupu na anayeona nyumba isiyo na kitu wote wawili hawakuuliza nani mwenyewe. Tofauti ni ukubwa wa hundi.

Sasa nisije nikaonekana naye nimeingia kwenye kundi la kuwapaka mafuta. Hilo la "wana furaha" nalo nitaligusa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Kufikia mwanzoni mwa 2023 zaidi ya mifugo milioni 2 ilikuwa imekufa nchini, na watu zaidi ya milioni 4 walikuwa hawana uhakika wa chakula, Marsabit ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Mbuzi hurudi haraka. Ukibakiwa na majike kumi na mvua mbili nzuri, unapumua. Ngamia niliwaeleza hesabu yake. Familia iliyopoteza ngamia kumi mwaka 2022 itakuwa inaziba pengo hilo mpaka yule binti wa kidato cha tatu awe na watoto wake. Maelfu ya kaya huko zinaishi pia kwa fedha za mpango wa serikali wa kinga dhidi ya njaa, ulioanza 2009. Kwa hiyo yule mama si tajiri aliyejificha, na si maskini mwenye siri ya furaha. Ni mtu mwenye mali inayoweza kufa, kazi ngumu na ujuzi mwingi, anayetabasamu kwa sababu kuna wageni mlangoni. Hata mama yangu hutabasamu kukiwa na wageni. Wakiondoka, muulizeni.

Wapo watakaosema: dada, ukiongeza gharama utaua biashara changa, na vijana wa kule watakosa hata hiyo 1,000. Hoja hii naiheshimu kuliko zile nyingine. Lakini tufanye hesabu. Kundi letu lililipa 266,000. Mama angelipwa shilingi 1,000 kwa kila kichwa, ni 7,000. Ni bei ya pombe iliyonunuliwa Isiolo tulipokuwa tunakwenda, na chenji inabaki kidogo tu. Biashara inayokufa kwa 7,000 ilikuwa inapumulia mashine.

Wenye mji nao wasijifiche nyuma yangu. Makubaliano ya wageni hufanywa na wanaume, kwa chifu au kule kwenye naabo, ule uzio wa miiba ambamo wazee husali na kukata mashauri, na ambamo mwanamke si mtu wa kuketi na kusema. Kampuni ya mjini inapenda sana mpangilio huu. Ni rahisi kumalizana na wazee watatu kuliko kugonga nyumba moja moja. Nilipomwuliza mmoja wa vijana walioongoza ngamia, mtu mchangamfu aliyemaliza chuo Meru, kwa nini nyumba haina bei, aliniangalia kama nimeuliza kwa nini kivuli hakina bei. Baadaye, tukiwa tumekaa, alisema mama yake pia amewahi kulaza wageni. Hakuongeza neno.

Mimi naona mambo yenyewe si magumu hata kidogo. Bei ya usiku itajwe kwenye tangazo kama bei ya ngamia inavyotajwa. Atakayeitaja awe yule mwenye nyumba, na akisema hapana mwezi huu, kisima kiko mbali, basi iwe hapana na mlale kwenye mahema yenu. Fedha iingie kwenye simu yake, M-Pesa inafika kule, na si kwenye mfuko wa mzee wa kugawa. Maji ya wageni yaende na gari la wageni. Na kama kuna ngamia wa mizigo anayehitajika kisimani wiki hiyo, viti vya kukunja vibaki Marsabit. Kaeni chini, mkeka upo na alishausuka.

Kuhusu picha sitasema mengi, nina marafiki wapigapicha na bado nawahitaji. Ila umwambie mtu kwamba picha yake itaonwa na watu elfu nne kabla hujampiga. Wakati mwingine atakubali na kwenda kuvaa shanga nzuri zaidi.

Kila mwaka tamasha la utamaduni la Loiyangalani, lililoanza 2008, linajaza magari ya Nairobi kwenye barabara ile, na wengi wenu mtaunganisha na matembezi ya ngamia mkirudi. Vizuri. Nawaomba kitu kimoja kabla ya kulipa. Mwulizeni mwandaaji: mwenye nyumba tutakayolala analipwa shilingi ngapi, na anayeipokea ni nani?

Nimeshawaandikia wawili swali hilo, neno kwa neno. Wa kwanza alinijibu kwa picha ya ngamia na machweo. Wa pili anataka kwanza kujua kama mimi ni mwandishi wa habari. Nimemwambia ndiyo. Wakijibu nitayaweka majibu yao hapa.